Tom Mboya: Bwana Afya wa Nairobi Aliyechagua Elimu ya Kazi Yake

Watu wengi wakitajiwa jina la marehemu Tom Mboya hukumbuka mambo matatu: ulimi wake mtamu katika mikutano, ndege za wanafunzi waliokwenda Marekani, na risasi zilizomwua mchana mweupe katikati ya jiji la Nairobi. Hayo yote ni kweli. Lakini liko la nne ambalo halisemwi sana, nalo ni kwamba mtu huyu aliyewafungulia mamia ya wenzake milango ya vyuo vikuu, yeye mwenyewe hakuwahi kusomea shahada akaimaliza. Shahada aliyokuwa nayo ni ya heshima, aliyotunukiwa na Chuo Kikuu cha Howard, Marekani, mwaka wa 1959. Elimu yake nyingine aliitafuta akiwa kazini, kipande kwa kipande, na karibu kila kipande alikichagua kwa kuitazama kazi iliyokuwa mbele yake.

Habari hii yafaa kusimuliwa leo, maana swali alilokuwa nalo bado halijazeeka. Ukienda mitaa ya Eastlands, Nairobi, tuseme Umoja, Buruburu au Donholm, utawakuta vijana, na miongoni mwao wamo wana wa Lamu, Malindi na Mombasa waliofuata kazi bara, ambao wakitoka ofisini jioni hawarudi nyumbani, huenda darasani. Shahada ya kwanza wameipata. Sasa wanataka ya pili, na hapo ndipo penye mashaka. Mmoja aambiwa asome biashara kwa kuwa ndiyo inayoleta cheo. Mwingine aambiwa sheria kwa kuwa ina heshima. Wa tatu aambiwa asome chochote, mradi karatasi ipatikane. Karo ni nzito, usiku ni mfupi, na watoto wanangoja nyumbani. Marehemu Mboya alilikabili swali la namna hiyo akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, tena akiwa na mlango mmoja tu pale ambapo wa leo wana kumi.

Mtoto wa shamba la mkonge

Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti, 1930, katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika. Wazazi wake walikuwa watu wa kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria, na baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa mnyapara katika shamba hilo la mzungu. Kwa kukulia hapo, mtoto alizungukwa na makabila mbalimbali, akajua Kikamba, Kikikuyu na Kiswahili pamoja na Kijaluo cha kwao. Lugha hizo hakuna mwalimu aliyempa cheti chake, lakini baadaye zilimfaa kuliko vyeti vingi.

Alisoma katika shule za misheni: Kabaa huko Ukambani, kisha Yala, na mwishowe Mang'u, moja ya shule chache zilizomfikisha Mwafrika wa wakati ule kwenye masomo ya juu. Hapo njia ikafungwa. Baba yake hakuwa na fedha za kumwendeleza, na kulikuwa na wadogo zake wa kusomeshwa. Alikuwa na akili za kuendelea mbele, ila mfuko ulikataa.

Basi mwaka wa 1948 akachagua chuo kisichomtoza mzazi wake, akaingia mafunzo ya ukaguzi wa afya yaliyokuwa yakitolewa Kabete. Kazi hiyo watu wa mitaani waliijua kwa jina la Bwana Afya: yule anayekagua vyoo, mabucha, maziwa na hoteli, na ambaye mwenye mkahawa mchafu akimwona mbali hutafuta ufagio. Kwa miaka miwili na zaidi alijifunza kazi hiyo, na wanafunzi wenzake wakamfanya kiongozi wao. Alipofuzu, Baraza la Jiji la Nairobi likamwajiri mwaka wa 1951.

Maisha ya Ziwani

Nairobi ya siku hizo ilikuwa imegawanywa kwa rangi za watu. Wazungu walikaa vilimani upande wa magharibi, Wahindi walikuwa na sehemu zao, na Waafrika walitiwa mashariki, ng'ambo ya mto na reli. Pumwani ndio uliokuwa mtaa wa zamani, wenye nyumba za Kiswahili, vyumba vya kupanga na misikiti yake, na wazee wengi wa Pwani walikuwa na jamaa huko. Baadaye Baraza lilijenga mitaa mingine kwa ajili ya wafanyakazi: Shauri Moyo, Ziwani, Starehe, Kaloleni, Bahati. Kijana Mboya alipata nyumba ndogo ya Baraza huko Ziwani, na hapo ndipo alipoishi alipokuwa akipanda ngazi.

Kazini aliona mambo yaliyomfungua macho. Bwana Afya Mwafrika alilipwa kiasi cha sehemu ya tano ya mshahara wa mzungu aliyefanya kazi ile ile, na wote wawili walikuwa na mafunzo. Siku moja alikuwa peke yake ofisini akipima maziwa, akaingia bibi wa kizungu na chupa yake. Mboya akamsalimu. Yule bibi akatazama huku na huku, kisha akauliza kama hapana mtu. Mboya naye akamjibu kwa kumwuliza kama macho yake yana kasoro. Bibi alikasirika, mashtaka yakapelekwa kwa wakubwa. Kisa hiki alikieleza mwenyewe katika kitabu chake cha maisha, na mtu akikisoma huona kwamba tangu siku hiyo kijana yule alifahamu jambo moja: cheti cha ukaguzi alikuwa nacho, na bado hakuonekana kuwa mtu.

Mwenye kupatwa na hayo aweza kufanya moja kati ya mambo mawili. Aweza kutafuta cheti kikubwa zaidi ili aonekane. Au aweza kutafuta maarifa ya kuibadili hali inayomfanya asionekane. Mboya hakudharau la kwanza. Alijiandikisha katika chuo kimoja cha Afrika Kusini kilichofundisha kwa njia ya posta, akawa baada ya kazi anajisomea masomo ya kuingilia chuo kikuu pamoja na uchumi. Msomaji aliyewahi kusoma kwa posta anajua taabu yake: karatasi hufika zimechelewa, mwalimu humwoni, na usingizi ndiye adui mkubwa. Lakini moyo wake ulivutwa zaidi na lile la pili.

Wafanyakazi Waafrika wa Baraza walikuwa na chama chao kidogo cha kushughulikia malalamiko. Mwaka wa 1952 Mboya alichaguliwa kukiongoza, na haukupita muda akakigeuza kuwa chama kamili cha wafanyakazi. Mwaka wa 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Kenya, akaachana na kazi ya Baraza. Umri wake ulikuwa miaka ishirini na mitatu.

Wakati huo nchi ilikuwa katika Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Chama cha KAU kilipigwa marufuku mwaka wa 1953, na viongozi wake wakawa gerezani. Mwezi wa Aprili 1954 askari waliizingira mitaa ya mashariki ya Nairobi katika msako mkubwa, wakawachukua maelfu ya watu na kuwapeleka vizuizini, na miongoni mwao walikuwamo viongozi wengi wa wafanyakazi. Shirikisho la wafanyakazi likabaki kuwa karibu sauti pekee ya Mwafrika iliyoweza kusikika nchi nzima bila kuvunja sheria. Na sauti hiyo ilikuwa ya Bwana Afya wa zamani, anayesoma kwa posta.

Makuli wa Mombasa

Mwezi wa Machi 1955, makuli wa bandari ya Kilindini waligoma. Maisha yalikuwa yamepanda na mshahara haukutosha, na bandari ikisimama, Kenya na Uganda husimama nayo. Serikali ya kikoloni ilishikwa na hofu. Mboya akateremka Mombasa.

Kazi aliyoikuta huko ilikuwa ya pande mbili. Upande mmoja ni maelfu ya watu wenye hasira waliohitaji mtu wa kuwaeleza, kwa Kiswahili wanachokielewa, kwamba warudi kazini huku madai yao yakisikilizwa. Hilo aliliweza, maana kipawa cha kusema alikuwa nacho. Upande wa pili ni meza. Mezani wameketi waajiri wenye wanasheria, wenye daftari za hesabu, wenye kujua bei za mizigo na sheria za kazi. Kuwashinda watu hao huhitaji hesabu kama zao. Mboya alieleza gharama ya unga, kodi ya chumba na nauli, akailinganisha na mshahara wa kuli. Makuli wakarudi kazini, na uamuzi ulipotoka walipata nyongeza ya karibu theluthi moja ya mshahara.

Mombasa ikamjua, na Nairobi ikazidi kumheshimu. Mtu mwingine angeona amekwisha kuhitimu. Yeye alikwenda kusoma.

Uamuzi wa mwaka wa 1955

Ni vizuri kukumbuka milango iliyokuwapo. Kenya haikuwa na chuo kikuu. Makerere, Uganda, kilikuwa kikitoa shahada za London, lakini kwa vijana waliotoka moja kwa moja katika shule chache za juu. Waliobahatika kwenda Uingereza waliona sheria ndiyo taji: C. M. G. Argwings-Kodhek alikuwa amerudi akiwa wakili Mwafrika wa kwanza wa Kenya, na jina lake lilivuma Nairobi yote kwa kuwatetea washtakiwa wa Hali ya Hatari. Kijana mwenye ulimi kama wa Mboya, nani asingemshauri asome sheria?

Yeye alichagua Chuo cha Ruskin, mjini Oxford. Chuo hiki kilianzishwa mwaka wa 1899 kwa ajili ya watu wa kazi: wachimba makaa, watu wa reli, makarani ambao shule iliwapita. Kiko Oxford, lakini wanaotoka humo hawatoki na shahada ya Oxford. Mboya alipata msaada wa masomo, akakaa mwaka mmoja, 1955 hadi 1956, akasoma uhusiano wa waajiri na wafanyakazi, siasa na uchumi.

Ukiupima uamuzi huo kwa mizani ya vyeo, hauna faida kubwa. Miaka mitatu au minne ya sheria ingempa joho na jina. Lakini miaka mitatu au minne nje ya nchi, katika wakati ule, ingekuwa kuiacha jahazi katikati ya tufani. Mwaka mmoja, shirikisho lingeweza kuvumilia. Na kile alichokwenda kukitafuta kilikuwa ndicho hasa alichokikosa kule Kilindini: namna mapatano ya mishahara yanavyofanywa, namna chama kinavyopangwa, namna nchi nyingine zilivyopita njia hiyo. Alijua swali lake kabla ya kupanda ndege, ndiyo maana mwaka mmoja ulimtosha.

Hakuusoma kwa kukaa tu. Mwaka wa 1956 alitoa kijitabu juu ya suala la Kenya, kikachapishwa na chama cha Fabian cha London, na mtaalamu wa Oxford, Margery Perham, akakiandikia utangulizi. Kisha akazunguka Marekani, akakutana na wakubwa wa vyama vya wafanyakazi, na kutoka kwao zikapatikana dola 35,000 za kujengea makao ya wafanyakazi Nairobi.

Haimaanishi kwamba njia yake ndiyo njia ya pekee. Miaka hiyo hiyo hapa Mombasa alikuwapo karani kijana katika chuo cha ufundi cha Waislamu, MIOME, aliyeitwa Ali Mazrui. Yeye kazi yake ilikuwa ya kalamu na fikira, na akaifuata kwa digrii: ya kwanza Manchester, ya pili Columbia huko New York, ya udaktari Oxford mwaka wa 1966, mpaka akawa mwanachuoni aliyejulikana dunia nzima. Kwa Mazrui, ngazi ya digrii ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Kwa Mboya, kazi ilikuwa tayari mikononi, na masomo yalikuja kuinoa. Kila mmoja alisoma kilichofaa kazi yake, na hakuna aliyepotea.

Kura za wasomi

Mboya alirudi mwishoni mwa 1956 akakuta uchaguzi wa kwanza wa Waafrika katika Baraza la Kutunga Sheria umekaribia. Sheria ya uchaguzi huo wa Machi 1957 ilikuwa ya ajabu. Si kila Mwafrika aliyepiga kura, na waliopiga hawakuwa sawa: mtu aliweza kupewa kura mbili au hata tatu kwa ajili ya elimu yake, kipato chake, mali yake na mambo kama hayo. Serikali ilitaka kusema kwamba mwenye vyeti ni mtu zaidi ya asiye navyo.

Nairobi mpinzani wake mkubwa alikuwa yule yule wakili Argwings-Kodhek. Mwanasheria mwenye joho na mtu wa wafanyakazi asiye na digrii wakashindana, na Mboya akashinda kwa kura chache. Tangu hapo ukumbi wa Kaloleni ukawa kama bunge la watu wa Eastlands. Mwaka wa 1961, kura zilipopanuliwa, aligombea Nairobi Mashariki, akashinda kwa tofauti kubwa mno.

Ndege za wanafunzi

Hapa ndipo penye uzito wa habari yetu. Mtu aliyefanikiwa bila shahada aghalabu huzibeza shahada. Mboya hakufanya hivyo. Alijua yeye alikuwa na kazi moja, na nchi inayokuja kujitawala itakuwa na kazi elfu: madaktari, wahandisi, walimu, wanauchumi. Kwa hiyo akishirikiana na rafiki zake wa Marekani akatafuta nafasi katika vyuo vya huko. Mwezi wa Septemba 1959 ndege ya kwanza ilitua New York na wanafunzi 81. Wakubwa wa kikoloni walizidharau digrii za Kimarekani, wakasema haziifikii elimu ya Uingereza. Mwaka wa 1960 Mboya alikwenda kumwona Seneta John Kennedy, na wakfu wa jamaa ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Hadi kufikia mwaka wa 1963 vijana karibu 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamekwenda. Mmoja wa waliokwenda mwaka wa 1960 ni Wangari Maathai, aliyesoma elimu ya viumbe, na ambaye mwaka wa 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Wako pia waliokwenda wakati huo huo kwa njia zao. Barack Hussein Obama, karani wa Nairobi aliyekuwa akisoma kwa posta vile vile, alikwenda Hawaii mwaka wa 1959. Alipomaliza shahada ya kwanza, uchumi wa Harvard ukamvuta, na alipofika huko alikuwa peke yake, jamaa yake wamebaki nyuma. Alirudi Kenya mwaka wa 1964 bila kuumaliza udaktari wake. Alikuwa rafiki wa Mboya, na urafiki huo haukumzuia kusema. Mwaka wa 1965 Mboya, akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, alipotoa waraka maarufu wa serikali juu ya Ujamaa wa Kiafrika, Obama aliukosoa waziwazi katika jarida, akauliza faida itawafikiaje wanyonge. Mboya hakuwa mtu wa kuogopa wenye digrii. Msaidizi wake mmoja katika mipango alikuwa Mwai Kibaki, aliyesoma Makerere na London, na ambaye baadaye alikuja kuwa Rais.

Mwisho wake

Jumamosi, tarehe 5 Julai, 1969, Mboya alitoka katika duka la dawa kwenye barabara iliyoitwa Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue, akapigwa risasi. Alikuwa na miaka 38. Mtu mmoja, Nahashon Njenga, alihukumiwa na kunyongwa, na watu hawajaacha kujiuliza kama nyuma yake alikuwako mwingine. Alizikwa Rusinga, kisiwa cha wazazi wake.

Leo iko barabara ya Tom Mboya katikati ya Nairobi, iko sanamu yake iliyosimamishwa mwaka wa 2011 karibu na mahali alipouawa, na kiko chuo kikuu kinachoitwa kwa jina lake huko Homa Bay. Chuo hicho hutoa shahada ambazo mwenye jina hakuwa nazo.

Elimu ni bahari, wasemavyo wazee, na mwenye kwenda baharini hujua anafuata samaki gani, ndipo achague nyavu. Kijana anayekaa Umoja au Buruburu na fomu ya chuo mkononi, akiuliza asome biashara, sheria au uchumi, ataulizwa kwanza na maisha ya Mboya: ni kitu gani kazini kwako kinakushinda, ambacho ungekijua ungewafaa wengine pamoja nawe? Akikijua hicho, jina la masomo litajitaja lenyewe. Asipokijua, afadhali karo ile ingoje, mpaka kazi yenyewe imfundishe la kuuliza.